Sembe au dona: filamu iliyosafishwa na ile yenye punje, ubebe ipi?

Rafiki yangu wa Tabata aliletewa na shemeji yake kutoka Uingereza diski mbili za Blu-ray, zote za filamu ileile: Predator ya mwaka 1987, Arnold Schwarzenegger na wenzake wanawindwa msituni. Shemeji hakuchanganya. Moja ilitolewa 2008, nyingine 2010, na kwenye duka la vitu vilivyotumika alizikuta bei chee, akabeba zote, wenyewe wataamua. Jumamosi jioni nikachukua deki yangu nikaenda. Moja tukaichomeka HDMI 1, nyingine HDMI 2, TV ya inchi 55, tukawa tunarukaruka na rimoti.

Hata dakika tano hazijaisha jamaa akatoa hukumu. "Hii ya 2008 feki. Ona chenga zote hizo, kama enzi za antena ya mfuniko wa sufuria."

Nikamwambia asimamishe picha pale Arnold yuko karibu na kamera, jasho linamtiririka. Diski ya 2010: uso laini, unang'aa, rangi zimekolea, mandhari ya nyuma imetulia tuli. Diski ya 2008: vidoa vidogo vimetapakaa skrini nzima. Halafu nikamwambia asogee karibu na TV. Kwenye ile yenye vidoa unaona matundu ya ngozi, ndevu zinazoanza kuchipua, tone la jasho na njia lililopita. Kwenye ile laini hakuna ndevu wala matundu, kuna shavu la nta. Mke wake alikuwa anapita na sinia la chai, akasimama kidogo. "Huyu wa pili mbona kama lile sanamu la kuvalishia nguo Kariakoo?"

Kabla sijazilinganisha, nimalize kwanza ugomvi wa neno. Sisi tuna neno moja, chenga, na tunalibebesha kila kitu. Mchele uliovunjika ni chenga. TV isiyoshika mawimbi ina chenga. Kwa hiyo mtu akiona vidoa kwenye filamu ya zamani anasema ina chenga, na moyoni ameshaamua kwamba ni ubovu. Lakini chenga za antena zinatoka nje, zinakuja kukaa juu ya picha. Vidoa vya filamu, ambavyo humu nitaviita punje, ndiyo picha yenyewe. Ukanda wa filamu umepakwa chembechembe za chumvi ya fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga. Filamu ya rangi ikisafishwa maabara, ile fedha inaondolewa na pale ilipokuwa panabaki viwingu vidogo vya rangi. Uso wa Arnold umejengwa kwa viwingu hivyo. Hakuna uso mwingine uliojificha chini yake, kama ambavyo hakuna mkeka uliojificha chini ya ukili.

Punje zina tabia moja inayowachanganya watu. Filamu inapita fremu 24 kwa sekunde, na katika kila fremu punje zimejipanga upya. Picha ikitembea, jicho linazichanganya na unaona uhai fulani, kama joto linavyocheza juu ya lami ya Barabara ya Mandela saa nane mchana. Ukisimamisha picha, punje za fremu moja zinaganda na zinaonekana mbaya kuliko zilivyo. Kwa hiyo jaribio letu la rimoti liliionea diski ya 2008. Upande wa ndevu na matundu ya ngozi, lakini, jaribio lilikuwa la haki.

Programu ya kulainisha inafanya kazi hivi, kwa ufupi: inaweka fremu pamoja na zile zilizo kabla na baada yake, inatazama nini kimejirudia na nini kimerukaruka. Kilichojirudia inakiita picha. Kilichorukaruka inakiita kelele, inakifuta au inakisawazisha. Shida ni kwamba unywele, uzi wa kitambaa, jani la mbali na kunyanzi la jicho navyo ni vidogo na navyo vinarukaruka. Kompyuta haijui Arnold ana ndevu. Kitu kikienda kasi, kusawazisha fremu tatu nne pamoja kunakiachia mkia hafifu nyuma yake. Kisha, kwa kuwa picha iliyolainishwa inaonekana imefifia, mtu anaongeza ukali wa kingo ili ichangamke, na hapo ndipo unapoona kila nguzo iliyosimama mbele ya anga ina mstari mweupe pembeni kama imechorewa chaki. Ukiona mstari huo, ujue picha imepikwa mara mbili.

Mimi huwaambia watu hii ni habari ya sembe na dona. Sembe ni nyeupe, laini, inapendeza machoni, na ilichoacha kinuni ndicho kilichokuwa na faida. Lakini nisiipambe sana dona ya rafiki yangu: diski ile ya 2008 ni ya gigabaiti 25 na imebanwa kwa mfumo wa zamani wa MPEG-2, kwa hiyo sehemu ya ule mchafukoge gizani ni mbano mbaya tu, haihusiani na punje. Mwaka 2018 filamu hiyohiyo ilitoka kwenye diski ya 4K, yaani yenye nukta za picha mara nne ya Blu-ray ya kawaida, punje zipo na mbano ni mzuri. Ukikutana nayo, ugomvi wa 2008 na 2010 umekwisha.

Usidhani basi napinga kila usafishaji. Kuna kuchagua mawe kwenye mchele na kuna kukoboa mpaka kiini kiondoke, na hizi ni kazi mbili tofauti ingawa kwenye kasha zote zinauzwa kwa jina moja la "imerekebishwa kidijitali". Vumbi, mikwaruzo, nywele iliyonasa kwenye mashine, ukungu: haya yote si ya filamu, yametoka nje kama chenga za antena, na kuyaondoa ni haki. Sisi watu wa pwani ukungu tunaujua. Mjomba wangu aliweka kanda za VHS za harusi yake kwenye boksi chini ya kitanda, Magomeni, na siku tulipozifungua utepe ulikuwa na unga mweupe kama kipande cha mkate kilicholala. Tulitia moja kwenye deki, kichwa cha deki kikaziba, mjomba akanyamaza siku nzima.

Ukungu huohuo uliwahi kula mikanda asilia ya The Red Shoes, filamu ya Kiingereza ya mwaka 1948. Ilipigwa kwa mfumo wa zamani wa Technicolor, mikanda mitatu kwa pamoja, kila mmoja na rangi yake, kwa hiyo ukungu ulikuwa na malisho mara tatu. Urekebishaji uliokamilika 2009 uliskani mikanda yote, ukaondoa ukungu na mikwaruzo, ukalinganisha ile mikanda mitatu iliyokuwa imesinyaa tofauti, na punje zikaachwa mahali pake. Lawrence of Arabia ya 1962 ina kisa kama hicho: joto la jangwani lilipasua utando wa mkanda kwa nyufa nyembamba zilizosimama wima, na mafundi wakatafuta programu ya kuziba ufa bila kugusa picha ya pembeni. Blu-ray yake ya 2012 ni mfano wa usafishaji ninaouheshimu. Unaona mchanga. Huoni nyufa. Punje zipo, nyembamba sana, kwa sababu mkanda wenyewe ulikuwa mpana, milimita 65.

Lakini hata kuchagua mawe, ukimwachia mashine peke yake, itakutupia na mchele. Programu ya kufuta vumbi inajua kanuni moja: kitu kilichopo kwenye fremu moja tu, kabla hakipo na baada hakipo, ni uchafu. Vumbi liko hivyo kweli. Lakini mshale wa moto unaopita kasi nao uko hivyohivyo. Blu-ray ya Gladiator iliyotoka 2009 ilikuwa na kichekesho hicho: kwenye vita ya mwanzo kule Germania, mishale mingine inatoweka hewani, mashine imeifuta ikidhani ni takataka. Juu yake kingo zimepigwa ukali kupita kiasi. Mwaka 2010 ilitolewa upya, picha mpya, mishale imerudi. Kwa nje makasha yanafanana vya kutosha kumchanganya mnunuzi, kwa hiyo ukikutana nayo kwenye meza ya mtu, soma mwaka wa toleo nyuma ya kasha. Mwaka wa filamu hauna msaada hapo.

Mishale ile hunikumbusha picha ya mama. Tulipeleka picha yake ya zamani studio moja mjini wakaifufue, ilikuwa imekunjwa katikati. Kweli mkunjo waliuondoa, safi kabisa. Waliondoa na kidoti chake cha juu ya mdomo. Mama aliitazama akasema, "Mzuri. Ni nani?"

Sasa tuje kwenye jozi zinazotatiza watu zaidi. Patton ya 1970 ndiyo mfano wangu wa kwanza kila mara, kwa sababu inaondoa kisingizio. Nayo ilipigwa kwenye mkanda mpana wa milimita 65, punje zake zilikuwa chache tangu mwanzo, hakukuwa na cha kusafisha. Blu-ray ya 2008 ikalainishwa hata hivyo. Ukiitazama haraka inavutia sana, inang'aa, na wapo walioisifu ilipotoka. Toleo la 2012 ukiliweka kando yake, kitambaa cha sare kinarudi kuwa kitambaa. Hapa sina kusitasita: 2012.

Katuni ni ngumu zaidi, maana hoja ya upande wa pili ina mashiko. Mtu atakuuliza, katuni imechorwa, punje za nini? Mchora hakuchora punje. Ni kweli. Cinderella ya 1950 ilichorwa na kupakwa rangi kwenye karatasi angavu, kamera ikaja baadaye, kwa hiyo ukiondoa punje unarudi kwenye mchoro, au ndivyo walivyofikiri waliotengeneza Blu-ray ya 2012. Kilichotokea ni kwamba mistari myembamba ya wachoraji, ile ya mikunjo ya gauni na vidole, ikaondoka pamoja na punje. Toleo la 4K la 2023 liliskani upya mkanda asilia, likaacha punje, na mistari imerudi. The Sword in the Stone ndiyo iliyoumia kuliko zote. Kipindi kile, miaka ya 1960, michoro ya penseli ilikuwa inahamishwa kwa mashine moja kwa moja kwenye karatasi angavu, kwa hiyo mkwaruzo wa penseli ni sehemu ya sura ya filamu. Blu-ray ya 2013 imeupaka mkwaruzo huo kama mtu aliyepitisha kitambaa cha maji juu ya chaki. Kama unanunulia mtoto wa miaka minne, nunua yoyote, hatajali. Kama unajinunulia wewe, Cinderella chukua ya 2023, hiyo nyingine iache mezani.

Halafu kuna kundi jipya, la 4K zilizopitishwa kwenye akili mnemba au kitu kinachofanana nayo. Terminator 2 ya 4K, 2017, ilitokana na kazi iliyofanywa kwa ajili ya toleo la 3D, ambako punje zilipunguzwa sana. 4K kwa jina, nta kwa sura. Mwaka 2024 zikaja Aliens, The Abyss na True Lies kwa mpigo. Hapa mashine haifuti tu, inakisia. Inaona kope zimefifia, inachora kope. Inaona uso wa mtu wa nyuma kabisa ukubwa wa punje ya mtama, inampa macho na mdomo ambavyo pengine hakuwa navyo. Ukisimama mbali unaona ukali wa ajabu. Ukikaa na picha muda mrefu, kuna jambo halikai sawa, na mara nyingi ni kwenye nywele na maandishi ya mbali.

Wanaozitetea wana jibu: James Cameron mwenyewe, mwongozaji, ameziridhia. Ni jibu zito na silitupi. Aliens hasa, mkanda uliotumika kupigia filamu hiyo ya 1986 ulikuwa na punje nyingi, na Blu-ray yake ya 2010 pia ilipunguzwa punje chini ya usimamizi wake, tena kwa kiasi. Mimi ningebaki na hiyo ya 2010. Lakini mtu akiniambia anapenda ya 2024 kwa rangi na giza lake, sitagombana naye. True Lies tutagombana.

Bongo Movie kanuni inageuka. Filamu zetu za miaka ya 2000 nyingi zilipigwa kwa kamera za video, siyo mkanda wa filamu. Zile chenga unazoona kwenye tukio la usiku, chumba kina taa moja, ni kelele za kamera iliyokosa mwanga, hazikujenga sura ya mtu yeyote. Kuzisafisha kidogo ni halali kabisa. Tatizo kubwa la kanda hizo ni mistari kama meno ya kitana inayojitokeza kitu kikitembea, na hiyo inataka dawa nyingine. Harusi ya mjomba iko kundi hili, kama deki itapona.

Na wewe unayejaza filamu kwenye flashi? Niseme ukweli: mjadala huu karibu haukuhusu. Filamu ya saa mbili iliyobanwa hadi gigabaiti 1.5 inapewa chini ya megabiti 2 kwa sekunde. Blu-ray inaruhusu picha hadi megabiti 40, diski ya 4K hadi 128. Punje ndiyo kitu kigumu kuliko vyote kubana, kwa sababu hazijirudii, na kwa megabiti 2 mashine haihangaiki nazo, inazigeuza viboksi vinavyotetemeka ukutani na angani. Katika faili dogo namna hiyo, nakala iliyolainishwa itakaa vizuri zaidi kuliko yenye punje. Sipendi kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyo. Vivyo hivyo kwa TV ya inchi 32 uliyoitundika juu na wewe umekaa mita tatu: chukua yenye bei nafuu, jicho halitakudai tofauti.

Kutazama mtandaoni kuko katikati. Netflix wenyewe wanasema picha ya 4K inaweza kula hadi gigabaiti 7 kwa saa, na hesabu ya bando unaijua kuliko mimi. Mfumo mpya wa AV1 una ujanja: unavua punje kabla ya kubana, unatuma maelezo ya jinsi zilivyokuwa, na TV au simu inazitengeneza upya upande wako. Siyo punje zilezile, ni pacha wao. Nimeshangaa mara moja mbili jinsi inavyopendeza.

Kama umeamua kununua diski, mashine kwanza. Dunia imegawanywa kanda, na diski iliyofungwa kwa kanda moja haisomi kwenye deki ya kanda nyingine. Baadhi ya Blu-ray za Marekani zimefungwa kwa kanda A, na Afrika tuko kanda B, sawa na Uingereza. Ndiyo maana diski za shemeji zilisoma bila kelele. Diski za 4K hazina tatizo hilo la kanda. Lakini PlayStation 4 inasoma Blu-ray ya kawaida tu, hata ile Pro. Ya 4K inataka PlayStation 5 yenye sehemu ya diski, au Xbox One S, au deki yake maalumu.

Kisha TV, na hapa narudi Tabata. Chai imeisha, jamaa bado anashikilia kwamba 2008 ni feki, nikaomba rimoti nikaingia kwenye mipangilio. Sharpness imewekwa mwisho kabisa, vilevile ilivyotoka dukani. Kipimo hicho kikiwa juu, TV inachonga kingo za kila punje moja moja, kwa hiyo kinachokuwa mchanga laini kinaonekana kokoto. Nikaishusha karibu na sifuri. Noise Reduction nikazima, maana nayo ni ulainishaji uleule unaofanyika sebuleni kwako badala ya studio. Nikazima na ile inayofanya filamu ionekane kama tamthilia, watu wanateleza. TV nyingi za kuanzia 2020 zina Filmmaker Mode inayofanya haya yote kwa kubofya mara moja; ya kwake haikuwa nayo.

Tukarudi HDMI 1. Punje zimetulia, zimekuwa kama vumbi la jioni. Jamaa akasogea mbele kwenye kochi. Tukaenda HDMI 2, sanamu la Kariakoo liko palepale, hakuna kipimo cha TV kinachoweza kurudisha ndevu zilizokwisha futwa. Akarudi HDMI 1 mwenyewe bila kuambiwa, na hakubonyeza tena rimoti mpaka filamu ikaisha.

Shemeji anarudi Desemba. Jana jamaa amenionyesha orodha aliyomtumia: Patton ya 2012, Cinderella ya 2023 kwa ajili ya binti, na Predator ya 4K ya 2018. Deki yake ni PlayStation 4. Ananiuliza kama nimeridhika na orodha, na bado natafuta namna ya kumwambia.